Wamekosea Nyumba

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, tuliwapeleka wanetu pwani, kwenye bustani moja ya michezo ambayo walikuwa wameitazama kwenye simu mpaka wakaanza kuiota. Watoto ni wawili, na mume wangu ni mtu wa kukubali haraka, kwa hiyo sikuwa na wa kuniunga mkono. Tuliteleza kwenye mabomba ya maji, tukazungushwa ndani ya vikombe vikubwa vya rangi, tukapandishwa kwenye lile gurudumu ambalo ukifika juu unahisi moyo umebaki chini. Kufika saa nane mchana watoto walikuwa wamelegea kwa njaa. Chapati nilizopika alfajiri zilikuwa zimebaki kwa mlinzi wa getini, maana vyakula vya nje haviruhusiwi.

Kulikuwa na mgahawa mmoja tu wenye kivuli. Kijana aliyesimama mlangoni alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo mama. Mmeweka nafasi?"

"Marahaba. Nafasi ya nini, mwanangu?"

"Ya meza, mama. Watu huweka mapema, wengine hata wiki nzima kabla."

Nyuma yake niliona meza nne tupu, zimetandikwa vitambaa vyeupe, glasi zimepinduliwa juu chini. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanijibu kwa upole kwamba zile zina wenyewe, hawajafika tu. Mwanangu mdogo akachungulia kwapani kwangu, akaona sinia la wali na kuku likipita, akauliza, "Mama, mbona chakula kipo?"

Mume wangu alicheka, akasema twende tukatafute mihogo ya kukaanga nje ya geti. Mimi sikucheka. Utaniona mtu wa ajabu, rafiki yangu, kulengwa na machozi kwa sababu ya meza. Lakini si meza ile niliyokuwa naiona. Nilijiona nina miaka tisa, nimesimama Kanyenye mjini Tabora, nimeshika upindo wa kanga ya bibi yangu.

Ngoja nikueleze tulifikaje pale.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Igalula, karibu sana na stesheni. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za udongo na bati, na treni ikipita vikombe vilikuwa vinagongana kwenye kabati kama vinasalimiana. Tulikuwa wawili tu, mimi na bibi, lakini sufuria letu lilikuwa la watu sita. Kila siku alisonga ugali ambao sisi wawili tusingeumaliza hata tungefungiwa nao. Treni za reli ya kati zilikuwa na tabia ya kuharibika pale kwetu, injini ikinung'unika na kuzimika, na abiria wakishuka kunyoosha miguu harufu ya mboga yetu iliwaleta mlangoni. Mama mwenye kichanga, mzee anayekwenda Kigoma, askari wa likizo. Bibi hakumuuliza mtu ametoka wapi kabla hajanawa mikono. "Mgeni hatangulizi barua," alizoea kusema, "hutanguliza njaa." Na akiniona napima unga kwa kikombe alinikemea: "Ukipika kwa kupima, umeshamfukuza mtu usiyemjua."

Kazi yangu ilikuwa kupukuchua karanga na kuzitwanga, na kuanika majani ya kunde juu ya bati. Hayo majani makavu sisi tunayaita nsansa. Unayachemsha, unayamwagia karanga zilizotwangwa, unayaacha juu ya moto mdogo mpaka mafuta yaelee. Msimu wa tumbaku moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia majani yake, ulikuwa unatufikia ukiwa mtamu na mzito, ukichanganyika na ule wa jikoni kwetu, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu ya namna hiyo tumbo langu hudhani limeitwa kula.

Ndipo akaja mwalimu.

Alishuka na treni ya mchana, msichana mwembamba aliyetoka chuoni moja kwa moja, ana godoro lililofungwa kwa kamba na sanduku la bati. Nyumba ya shule aliyopewa haikuwa na mlango wala jiko. Jioni ile alisimama kwenye kizingiti chetu akashindwa kusema alichokuja kusema. Bibi akamwambia, "Nawa mikono, mwanangu." Akanawa. Akala kwetu miaka mitatu.

Nilimpenda mwalimu yule kuliko ninavyoweza kukueleza. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu ya jikoni, bibi akilalamika kwamba tunamchafulia. Aliniita binti yangu. Alinisuka nywele Jumamosi ili Jumapili niende kanisani nikiwa mtu. Alinisimulia habari za mji, na zaidi ya yote habari za mapembea aliyoyapanda utotoni, farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, na viti vinavyopaa. Mimi nilimsikiliza nikiwa nimeacha mchi ndani ya kinu.

Alipohamishiwa Tabora mjini tulimsindikiza stesheni. Alilia mpaka kanga yake ikalowa kifuani. Akamshika bibi mikono yote miwili. "Bibi, mkija mjini msitume hata salamu. Njooni tu. Mlango wangu kwenu hauna hodi." Kisha akainama kwangu. "Na wewe, binti yangu, usithubutu kubeba chakula. Utakula kwangu mpaka ukatae mwenyewe."

Maneno hayo niliyahifadhi kama aya ya Biblia.

Ukapita mwaka. Kiangazi kilichofuata ikaja habari kwamba mjini wamefika watu na mitambo ya michezo, wameuzungushia uwanja mzima mabati, na ndani yake kuna farasi wa mbao na gurudumu refu kuliko mti. Bustani ya michezo, ndivyo walivyoiita, ingawa haikuwa na ua hata moja. Nilimsumbua bibi wiki mbili. Nilichota maji bila kutumwa. Mwishowe akasema, "Haya, tukishauza karanga tutakwenda, nione na mimi hao farasi wasiokula majani."

Siku moja kabla ya safari nilimkuta uani ameshika jogoo, miguu imefungwa, kisu kiko juu ya kinu. Alitaka kumchoma tule njiani na mchana.

"Bibi, usichinje! Mwalimu atakasirika. Alisema tusibebe kitu."

"Mtu huenda mjini na chakula chake, mjukuu wangu. Mji hauna mama."

"Sisi tuna mwalimu."

Alinitazama, akamtazama jogoo. Akamfungua kamba. "Basi jogoo amshukuru mwalimu wako." Badala yake akajaza kidumu cha asali, ile nyeusi ya porini, akakifunga mdomo kwa nailoni na kukivingirisha kwa kitenge kipya. Hiyo ilikuwa zawadi. Chakula hatukubeba hata karanga, kwa sababu yangu.

Tulifika Tabora asubuhi. Pale getini kwenye mabati, baada ya kukata tiketi, palikuwa na meza na bwana mwenye kipaza sauti. Alitangaza kwamba anayetaka chakula cha mchana ajiandikishe sasa hivi, alipie, apewe kadi ya njano, maana chakula kinapikwa kwa idadi ya kadi. Watu wakapanga foleni. Bibi alisimama kutazama jambo lile kwa mshangao wa kweli.

"Hata njaa nayo huandikishwa?" akauliza.

"Ndiyo utaratibu, mama. Niwaandike wawili?"

"Ahsante, mwanangu. Sisi tuna kwetu hapa mjini." Alisema kwa sauti ya kusikika, na mimi nikavimba kwa fahari.

Nilipanda farasi mweupe. Nilipanda gurudumu, na bibi akapanda nami, amefumba macho, anasali kwa Kinyamwezi tangu chini mpaka juu na kutoka juu mpaka chini. Mimi sikufumba. Kule juu niliona mabati ya mji, miembe mizee iliyopandwa enzi za misafara, na reli inayong'aa ikielekea kwetu. Nikawa naitafuta nyumba ya mwalimu. Nilichagua moja yenye bati jekundu, nikaamua ni ile, nikaipungia mkono.

Saa saba tulitoka, njaa inatuuma vizuri, ile njaa ya raha ya mtu anayejua anakoenda. Tukauliza njia mpaka Kanyenye. Nyumba haikuwa na bati jekundu. Ilikuwa na mlango wa kijani na mapazia, na kabla hatujapiga hodi tukasikia harufu ya pilau. Siyo harufu ya mbali. Bizari, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, nyama. Ndani wanawake walikuwa wanacheka. Bibi akanitazama kama anayesema, unaona, ametupikia bila hata kujua.

"Hodi wenyewe!"

Kicheko kikapungua. Mlango ukafunguka kidogo, akatoka mwalimu. Amenawiri, nywele zimetiwa dawa, gauni lina maua makubwa. Akauvuta mlango nyuma yake, ukabaki wazi kama upana wa kiganja. Nilikuwa nimeshainua mikono ili anikumbatie.

"Eh! Bibi. Kuna nini?"

Hakumwamkia. Miaka mitatu hakuna asubuhi iliyopita bila yeye kusema shikamoo bibi, hata akiwa amechelewa kengele. Siku hiyo hakusema.

"Hakuna neno, mwanangu. Tumekuja kuona mapembea, tukasema tukusalimie."

"Sasa mngeniarifu, bibi."

"Ulisema tusiarifu," nikasema mimi. Bibi akanifinya bega.

Mwalimu hakunitazama. Alieleza haraka haraka, kwa sauti ya chini, kwamba ana wageni, walimu wenzake na mke wa mkubwa wao, kwamba viti havitoshi na chakula kimepikwa kwa idadi.

Bibi akasema, "Sisi hatuhitaji viti, mwanangu. Jikoni tu panatosha. Mtoto ndiye ana njaa."

Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikauliza, "Mwalimu, nani tena huko?"

Akageuza kichwa, akajibu bila kusita, kama mtu anayetaja saa.

"Watu tu. Wamekosea nyumba."

Sijui kama umewahi kusikia jambo ambalo masikio yamelipokea na mwili ukalikataa. Nilidhani anatania. Nilisubiri acheke. Nilimtazama bibi ili anieleze, na nikaona uso wake umetulia kabisa, kama maji ya kisima ndoo ikishatolewa. Akakifungua kile kitenge polepole, akatoa kidumu cha asali, akakinyoosha.

"Hii ni yako. Ilikuwa yako tangu nyumbani."

Nilitaka akirudishe. Moyoni nilipiga kelele akirudishe. Lakini kibaya zaidi ni kwamba mwalimu alikipokea, kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani mahali nilipotegemea kukumbatiwa mimi.

"Ahsante, bibi. Siku nyingine mniarifu." Akaingia. Komeo likalia.

Tulitembea mtaa mzima. Kisha bibi akasema, "Mwalimu wako amenenepa." Hilo tu.

Tulirudi kule kwenye mabati, kwa kuwa hatukujua pengine pa kwenda na lori la kuturudisha Igalula lilikuwa liondoke kutoka karibu na pale saa kumi. Chini ya turubai watu walikuwa wanakula. Yule bwana wa kadi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kamba.

"Kadi, mama?"

Hapo ndipo nilipomsikia bibi yangu akiomba chakula. Mwanamke aliyelisha nusu ya treni za nchi hii alisimama mbele ya kijana yule wa kadi, ameukusanya mtandio wake chini ya kidevu, akasema kwa sauti nisiyoijua, sauti ndogo, "Mwanangu, mjukuu wangu hajala tangu alfajiri."

"Majina yenu hayamo, mama. Si niliwauliza? Mkasema mna kwenu."

"Tulikosea," bibi akajibu.

Mpishi mmoja, mama mnene aliyekuwa anakwangua masufuria nyuma ya turubai, aliinua kichwa. "Waache wapite huku nyuma," akamwambia. "Kadi haijazi tumbo la mtoto." Akatuwekea ukoko wa wali juu ya mfuniko, akamwagia maharage. Bibi akausukuma mfuniko wote upande wangu, akasema yeye ameshiba, gurudumu limemvuruga tumbo. Nilijua ni uongo. Nilikula wote, mpaka punje zilizoshikana na bati. Nilikuwa na miaka tisa na njaa haikunipa nafasi ya kuwa mtu mwema. Wakati wote natafuna nilikuwa nawaza yule jogoo, na jinsi nilivyomtetea.

Baada ya siku ile niliacha kumtaja mwalimu. Daftari alilonizawadia, ambalo nilikuwa nalitunza chini ya mto, nililichoma jikoni ukurasa baada ya ukurasa huku maharage yakiiva. Bibi aliona, akaongeza maji kwenye maharage. Sufuria letu lilibaki la watu sita, na hilo lilinishangaza, maana mimi nilitegemea angalau tungepungua tukafika wanne.

Nilikuwa kidato cha pili, nipo likizo, wakati wa masika, treni ilipoharibika tena pale kwetu. Mchana huo abiria walishuka kwenye tope wakitafuta pa kujikinga. Nikasikia hodi, nikaenda kufungua. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, viatu mkononi, gauni limelowa, amezeeka kidogo usoni. Tulitazamana. Nilitaka kufunga mlango. Naapa mkono wangu ulikuwa umeshaanza.

"Nani?" bibi akauliza kutoka jikoni.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, lakini bibi akawahi kutokea. Akamwangalia mwalimu kwa muda, akifuta mikono yenye unga.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba. Umelowa. Nawa mikono, mwanangu."

Nilisalitiwa mara ya pili, na safari hii na bibi yangu mwenyewe. Alimpa kigoda chake. Alimpa kitenge kikavu. Alimpakulia nsansa yenye karanga nyingi, na kipande cha kuku kilichokuwa changu. Akaniambia, "Mwamkie mwalimu wako," nikainama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Walizungumzia mvua, wakazungumzia bei ya karanga. Mwalimu alisema nsansa ya bibi haijabadilika. Hakuna aliyetaja Kanyenye.

Filimbi ilipolia kuashiria injini imepona, bibi aliingia chumbani kumtafutia mfuko wa plastiki wa kujifunika. Mwalimu akanigeukia.

"Binti yangu, ile siku..."

"Sisi hatukujui, mwalimu," nikasema. "Umekosea nyumba."

Nilikuwa nimeyanoa maneno hayo miaka sita. Yalitoka sawasawa nilivyopanga. Akafunga mdomo, akasimama, akauvua kitenge cha bibi na kukiweka juu ya kigoda, akatoka mvuani kabla bibi hajarudi na mfuko. Tonge moja lilikuwa limebaki kwenye sahani, limekwishafinyangwa.

Nilidhani nitajisikia mshindi. Kwa muda mfupi, nakiri, nilijisikia. Bibi alitoka, akaona kigoda kitupu, akaniangalia, akaelewa.

"Bibi, kwani umesahau?" nikamuuliza, nalia. "Umesahau alichotufanyia?"

"Sijasahau hata neno."

"Sasa kwa nini umempa chakula?"

Akafikiri. Nadhani alitafuta sababu kubwa ya kunipa, akaikosa.

"Ugali ulikuwa umeshasongwa," akasema.

Akachukua sahani ya mwalimu, akaketi, akalila lile tonge lililobaki.

Mwalimu sikumwona tena. Nilisikia amestaafu, kisha nikasikia ameugua, halafu nikaacha kusikia. Bibi amelala Igalula miaka mingi sasa, upande ule wa makaburi ambako treni inasikika vizuri. Mimi naishi Dodoma kwenye nyumba yenye geti, na ndugu zangu wanajua kwamba kwangu watu hupiga simu kwanza. Nimewazoesha mwenyewe, kwa upole. Nimempima mwalimu yule kwa mizani mikali maisha yangu yote, na wakati mwingine nikiwa nasubiri wali wangu wa watu wanne uive, naona aibu kidogo. Aibu hiyo lakini haijawahi kuufuta uchungu. Vyote viwili vinakaa humo humo.

Siku ile pwani tulitoka getini tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tumesimama kando ya barabara, na watoto wakasema ndicho kitu kitamu kuliko vyote walivyokula safarini. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia mume wangu kwamba likizo haijaisha, kwamba nataka watoto wapaone Igalula, waketi kwenye jiko lile hata mara moja. Kwenye nyumba ya bibi sasa anakaa mama mdogo, mtu mwema, mcheshi, anayenipenda. Nikampigia simu hapo hapo barabarani kumwambia tunakuja.

Alifurahi mpaka akapiga vigelegele kwenye simu. Aliuliza tutafika siku gani, kwa treni au kwa basi. Kisha, kwa sauti ya furaha ile ile, akaniuliza swali ambalo katika nyumba ile, kwa miaka yote niliyoishi mle, sikuwahi kulisikia.

"Sasa mko wangapi, mwanangu, nijue nitapika kiasi gani?"

Nilisimama na simu sikioni. Lori likapita, likanipa sababu ya kuchelewa kujibu.

"Wanne, mama," nikamwambia. "Tuko wanne tu."